Kisu Chenye Meno Nusu

Kisu kimefungwa ndani ya kipande cha kanga kuukuu, na kipande hicho kimeviringishwa gazeti, na bado kinanuka. Mama amekuja nacho. Amekitua juu ya meza yangu ya jikoni, pembeni ya mkate, halafu akaenda kulala na kuniacha nacho. Sikukifungua. Nilisimama mbali kidogo nikikitazama kama mtu anavyotazama panya aliyefia mtegoni. Harufu yake naijua tangu utoto: damu iliyokaukia kwenye chuma, tumbaku, mafuta ya nazi yaliyochacha, na kitu kingine ambacho nitakitaja baadaye kwa sababu nimetoka kula sasa hivi.

Mama amemaliza eda ya mumewe wa pili, Shomari, na amekuja kukaa kwangu hapa Bagamoyo. Vitu vya marehemu vimegawiwa ndugu zake, wakachukua nguo, redio, hata nyavu alizokuwa hajamaliza kushona. Kisu hakuna aliyekitaka, na mimi siwalaumu. Mama ndiye aliyekichukua, akakifunga na kukipakia juu kabisa ya mzigo wake, karibu na nguo za kuswalia.

Ni kisu cha kukunja, mpini wa plastiki nyekundu ambayo sasa imekuwa rangi ya fizi. Nusu ya bapa lake, kuelekea nchani, ina makali ya kawaida. Nusu nyingine, ile iliyo karibu na mpini, ina meno kama msumeno. Nimeishi na kisu hicho utoto wangu wote na sijawahi kukishika bila kunawa mara mbili.

Waliolelewa kwenye nyumba ya wanawake watupu watanielewa nikisema kwamba shida yetu ilikuwa kuku. Kwetu Mlingotini mwanamke hachinji. Usiniulize imeandikwa wapi. Mwalimu wetu wa chuoni, aliyetusomesha Kurani, alisema sheria haimkatazi, na Bibi yangu akamjibu kuwa kama haimkatazi basi aanze yeye kumwachia mkewe. Kwa hiyo mwanamke akitaka kula kuku wake, aliyemlea mwenyewe, anamfunga miguu, anachukua kisu, anasimama njiani kungoja mwanamume apite. Mwanamume yeyote, ilimradi Mwislamu na akili zake timamu. Nimewahi kusimama hivyo mpaka jogoo akalala usingizi mikononi mwangu.

Tulikuwa watatu: mimi, Mama, na Bibi mzaa baba. Baba alikuwa amefariki. Mama alilima mwani, maana yake maji yakipwa yuko kwenye chumvi mpaka magotini, anafunga vipande vya mwani kwenye kamba, na yakijaa anarudi na gunia kichwani linalomchuruzikia uti wa mgongo. Mwani ukianikwa uani ulikuwa unanuka kama kitu kilichosahauliwa chini ya kitanda. Nilikula na harufu hiyo, nikalala nayo, na shuleni watoto walijua nimefika kabla sijaingia mlangoni.

Kisu chetu cha jikoni kilikuwa butu. Wapita njia walikijaribu kidoleni, wakacheka, wakanirudishia na kuku wangu. Mmoja aliniambia nikakitumie kupakia siagi, wakati sisi siagi tulikuwa tunaiona dukani tu. Mwishowe kila kuku akawa anakwenda kwa Shomari, fundi wa nyavu, nyumba ya pili kutoka kwetu. Nilimwita Ami, kama tulivyowaita wanaume wote wa rika la baba.

Ami Shomari alishinda mkekani, miguu ameinyoosha, wavu ameunasa kwenye kidole gumba cha mguu, anashona. Ukimfikia unakutana na nyayo zake kwanza. Nilikuwa naziona kila siku na hata siku moja sikuzitazama. Nilitazama kisu. Kwa yale meno alikata kamba, akakata tumbaku, akakwangua nta, akamenya chungwa, akakifutia kwenye msuli wake na kukikunja. Nikija na kuku alikifungua tena, akakiosha, akaniita jina langu, akanionyesha kwa kidole.

"Tatu, unaona? Hapa mbele pa kuku. Huku kwenye meno kwa dunia. Havichanganyiki."

Mimi sikuamini hata kidogo. Kisu ni kimoja, bapa ni moja, maji yanayopita huku yanapita na huku. Lakini alichinja vizuri, hilo siwezi kumnyima. Alisema Bismillahi Allahu Akbar, mkono ukapita mara moja, kuku akatulia.

Halafu siku moja nikamkuta anasafisha meno ya kisu kwa sindano ya kushonea nyavu. Kutoka kwenye kila jino alichokoa vipande vyeupe vyenye unjano, vigumu, vikawa vinaangukia mkekani kama chicha ya nazi. Nikachuchumaa kuviangalia. Kimoja nilikishika.

"Nini hii, Ami?"

"Magaga," alisema, akacheka peke yake, akavipuliza.

Magaga, ile ngozi ya kisigino inayopasuka na kuwa kama ganda. Nilikitupa kile kipande na kuupangusa mkono mchangani, kwenye gauni, kwenye ukuta, na bado nilikihisi. Kisha ikanijia kwamba jogoo wa Idi alichinjwa na kisu hicho, na yule wa kabla yake, na kwamba mimi ndiye niliyenyonya shingo. Nilikaa na siri hiyo nikiwa na kinyaa cha kutosha kijiji kizima, nikawa nakula wali mtupu na kusema tumbo linauma.

Wakati huo Bibi alikuwa na kinyaa chake cha aina nyingine. Tulizoea kumpelekea Ami Shomari sahani ya mchuzi kila alipotuchinjia, na zamani sahani nilikuwa naifuata mimi. Sasa akawa anairudisha mwenyewe. Alisimama mlango wa uani, sahani mkononi, wakati Mama anajimwagia maji ya baridi kutoa chumvi ya miguuni, wakawa wanaongea kwa sauti ya chini mambo ambayo hayakuhusu sahani.

"Yule mtu," Bibi aliniambia siku moja akichambua choroko, "hachinji kuku. Anachinja nyumba."

"Kwa nini, Bibi?"

"Mama yako akiolewa anaondoka. Wewe ni mtoto wa mwanangu, unabaki hapa na mimi. Hivyo ndivyo ilivyo."

Alisema huku akitupa mawe ya choroko moja moja, wala hakuniangalia. Nilikwenda kukaa nyuma ya choo nikapiga hesabu ya kitoto. Kila kuku niliyempeleka kwa Ami Shomari, kumbe nilikuwa nampeleka Mama. Kama tungekuwa na kisu chetu kikali, ningempa mpita njia yeyote, na Ami Shomari angebaki na nyavu zake na magaga yake. Nilirudi nikamwambia Bibi tununue kisu. Akaniangalia kwa mara ya kwanza siku hiyo, akasema nimerithi akili za baba yangu.

Tulikuja Bagamoyo, mimi na yeye, bila kumwambia Mama. Karibu na soko la samaki, mahali ambapo utumbo wa samaki ulikuwa umetupwa na paka wanaugombania, mwanamume mmoja ametandika turubai lenye tochi, kufuli, vikata kucha na visu. Bibi alitaka cha kukunja, kwa sababu hakutaka mjukuu wake akimbie njiani na kisu wazi. Muuzaji akampangia vitatu.

"Bi Mkubwa, aina ni hizi. Hiki makali matupu. Hiki meno mwanzo mpaka mwisho. Na hiki ndicho wanachokipenda watu, nusu makali, nusu meno, unamaliza kazi zote..."

"Hicho kiondoe," Bibi alisema.

"Hujakishika, Bibi."

"Nakijua. Kiondoe machoni pangu."

Kilikuwa ndugu wa kile cha Ami Shomari, hata mpini ulikuwa mwekundu. Muuzaji akakirudisha, akachukua cha makali matupu, akakipitisha kwenye mkono wake mwenyewe kikanyoa vinyweleo bila sauti. Bibi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alikijaribu kwenye ukucha, akakipenda, nikaona anakipenda.

"Kitakaa na makali haya mpaka lini?"

"Ukikinoa, kitakuzika."

"Nikikinoa. Nani anakinoa?"

"Si wazee wa nyumbani, Bibi?"

Kinoo kilichokuwa karibu nasi kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa chini ya mkeka wa Ami Shomari. Bibi alikiweka kisu chini polepole, akaashiria kile cha meno.

"Hiki hakinolewi," muuzaji alisema upesi. "Mwaka mzima hujakigusa na bado kinakata kamba, kinakata mkate, kinakata chochote."

"Na kuku?"

Yule mtu aliangalia paka kwanza. "Na kuku, Bibi. Si nyama tu?"

Bibi alikuwa amekula kuku kabla baba wa muuzaji yule hajatahiriwa. Alijua vizuri kuwa meno hayapiti shingoni, yanavuta. Lakini alikuwa na hasira na mtu mmoja, na hasira ilitaka kisu ambacho hakitamhitaji mtu huyo tena hata kwa kunoa. Tukanunua meno. Njia nzima nilikishika mfukoni nikijiona nimemwokoa Mama.

Kilisubiri mpaka hitima ya Baba, ile ya kutimiza mwaka. Asubuhi Bibi alinipa jogoo mwekundu na kisu kipya, nikasimama njiani. Wanaume wengi walikuwa wameshakwenda pwani, akapita muuza mkaa anayesukuma baiskeli. Mikono yake ilikuwa nyeusi mpaka kwenye viwiko. Nilimmwagia maji akanawa, yakatiririka wino, akamlaza jogoo kuelekea kibla, akasema Bismillah, akavuta.

Nitasema haraka. Meno yalishika manyoya kwanza, kisha ngozi. Kisu hakikupita, kilikwama, akakirudisha nyuma, kikakwama upande wa pili, ikawa anakereza kama mtu anayekata bomba. Akainua mkono ili anasue ngozi, na jogoo akamponyoka. Alikimbia uani shingo inaning'inia, akapiga duara, akarusha damu ukutani, kwenye mikeka ya wageni iliyokuwa imeoshwa, kwenye kanga ya Mama, akaenda kuangukia juu ya mwani ulioanikwa na kupigapiga mabawa humo. Sauti iliyotoka kooni mwake haikuwa sauti ya kuku. Mpaka leo nikisikia mtu anasukutua, nywele zinanisimama.

"Bibi, hiki ni msumeno," yule wa mkaa alisema.

Bibi alimtazama jogoo mpaka alipotulia. "Kibudu," akasema. "Haliki. Kamzikeni mbali."

Nikamzika mimi, na manyoya yenye utelezi wa mwani yakinigandia vidoleni. Niliporudi, Mama alikuwa amemfunga miguu tembe wa Bibi, yule aliyekuwa anataga, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Hakumuuliza mtu.

"Tatu, kamwite Ami yako."

Nilimwangalia Bibi. Bibi alikuwa anasugua damu ukutani na hakugeuka. Ami Shomari alikuja, akaosha kisu chake, akakigeuza kwenye makali, mkono ukapita mara moja, na tembe hakujua.

Baada ya adhuhuri na kisomo, wanaume walikaa mkekani sebuleni: Mwalimu wa chuoni, majirani watatu wanne, na Ami Shomari karibu na mlango. Mama na Bibi walikuwa nyuma ya pazia. Mimi nilizunguka na jagi na beseni nikiwanawisha, kisha Mwalimu akanikalisha pembeni yake. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Kila mke anaijua, hata mtoto akiiba anajua ameiba nini. Bibi alikuwa ameiweka juu ya wali katikati ya sinia, na hakuna aliyeigusa. Mwalimu akaichukua, akanipa mimi.

"Kula, binti wa marehemu. Hii ya baba yako."

Nilikiona kile kitu kigumu kinang'aa mkononi mwangu, na nikaona magaga.

"Sitaki."

"Kwa nini hutaki?"

Mwalimu alitufundisha kwamba tukiulizwa tujibu kweli. "Kwa sababu kisu cha Ami Shomari anakwangulia magaga. Nimeyaona. Yamejaa kwenye meno."

Mikono yote ilisimama. Jirani mmoja alilitema tonge kwenye kiganja na kulificha chini ya mkeka. Mwalimu alimtazama Ami Shomari.

"Kweli haya?"

Ami Shomari aliliangalia pazia, halafu akainamisha kichwa.

"Kweli, Mwalimu. Ni magaga yangu. Lakini ni kwa upande wa meno, wallahi, upande wa kuchinjia haujagusa."

"Kuku kasomewa," Mwalimu alisema. "Kuleni." Akala yeye. Wengine walichokonoa wali wa pembeni. Ami Shomari alivuta msuli wake kufunika miguu, nyayo zikabaki nje, na nilimwona Bibi amesimama kwenye pazia, macho yake yameteremka kwenye zile nyayo zilizonyooshwa mkekani kwa miaka. Visigino vya Ami Shomari vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga. Mtu anayeshinda amekaa atapata wapi magaga?

Jioni ile ile kijiji kizima kilijua. Hakuna aliyempelekea kuku tena. Watoto walimwita Shomari Magaga, kisha wakubwa, kisha hata wale waliokuja kuleta nyavu, na jina hilo alikaa nalo mpaka alipofukiwa. Sikuwahi kumsikia akilikataa.

Kesho yake Mama aliporudi kutoka kwenye mwani, Bibi alimwambia akae juu ya kibao cha mbuzi ya nazi na anyooshe mguu. Mama alisita, akanyoosha. Wanawake wote wa mwani nilikuwa nawajua kwa visigino: vimepasuka mpaka nyama nyekundu inaonekana, chumvi imejaa ndani ya nyufa. Cha Mama kilikuwa laini, kimepakwa mafuta ya nazi. Bibi alikishika kiganjani kama anapima embe.

"Tangu lini?"

"Tangu vuli. Nilikuwa siwezi kukanyaga, Mama. Natembelea vidole."

"Hukuniambia."

"Ungefanyaje? Macho yako hata uzi hayauoni."

Bibi alikishikilia tu kile kisigino. "Na jana, mbele ya watu, akasema ni yake."

"Ndiyo."

Ndipo nilipoelewa, na mtu mwingine angesema roho yangu ililainika. Wapi. Nilichoelewa ni kwamba kile kipande nilichokishika mkekani kilikuwa cha Mama, kwamba mwanamume huyu alikuwa anaupakata mguu wake uani wakati sisi tumelala mchana, anaukwangua, halafu anakuja kuchinja. Nilikimbia nyuma ya nyumba nikatapika yote niliyokula na ambayo sikula.

Kuku aliyefuata hakupatikana haraka, maana tembe alikuwa ameshaliwa. Alipopatikana, Bibi mwenyewe alimshika miguu akatembea naye mpaka kwa Ami Shomari, mchana, katikati ya njia, watu wanaona. Alirudi akapika yeye. Kisha akachukua kisahani, akaweka firigisi peke yake, akakifunika kwa kawa jipya na kunipa.

"Mpelekee Ami yako. Na mwambie nyumba hii ina kisu kisichonoleka. Aje na kinoo chake, aje akae hapa. Mimi sitoi mjukuu, na mkwe sitoi."

Nilikipeleka nikiwa nimeziba pua. Ami Shomari alifunua kawa, akaona kilichomo, wavu ukiwa bado umenasa kidoleni. Halafu akala pale pale, polepole, na mimi nikamwangalia anatafuna nikamchukia kuliko siku zote. Wakaoana. Alikaa kwetu mpaka nikaolewa mimi, na sijawahi kula kwa raha kuku aliyemchinja.

Jana nilimnunulia Mama jiwe la kusugulia miguu, jipya, na mafuta ya kopo yanayonukia. Miezi ya eda hakuna aliyemhudumia, na visigino vimerudi kuwa vile. Alilipindua jiwe mkononi, akaliweka chini, akasema halifiki ndani. Akatazama jikoni.

Basi leo nimechemsha maji. Nimekalia kigoda, taulo mapajani, mguu wa Mama juu yake, mzito, wenye mipasuko inayoingia ukucha, na nimefungua gazeti, nimefungua kanga, nimefungua kisu. Harufu ikanipanda yote kwa pamoja na mate yakanijaa mdomoni. Ndani ya meno bado kulikuwa na vipande vya mara ya mwisho. Nikapumua kwa mdomo, nikakiweka kisu kwenye kisigino kwa upande wa ncha, usio na vipande, nikaanza.

Mama alikuwa amefumba macho. Aliurudisha mguu nyuma kidogo.

"Geuza," alisema. "Hapo ni pa kuku."

Nikageuza.